Ufa wa Tambura

Jumatano, 20 Machi 1946
Asubuhi nimepiga randa mbao za kitanda cha harusi. Joto. Adhuhuri Bwana Jivraj, muuza nguo, ameingia na tambura imefungwa shuka. Ni ya Bibi Kulsum, mwimbaji aliyeshuka melini juzi kutoka Bombay. Ataimba Jumapili. Ala yenyewe haina wimbo. Nyuzi nne tu, huvuma nyuma ya mwimbaji asipotee. Tumbo lake ni kibuyu kikubwa, na kimepata ufa wa shibiri nzima bandarini. Mjini hakuna nyingine. Nimesema naweza. Nimezoea kutengeneza udi wa taarab, kibuyu sijawahi.

Alhamisi, 21 Machi
Nimetia gundi, nimekaza kamba. Yataka siku tatu. Hewa nzito, nguo zenyewe hazikauki.

Ijumaa, 22 Machi
Bado yanata. Baada ya swala sikwenda barazani. Mke wangu, Mwanakheri, asema naiangalia kama mgonjwa.

Jumamosi, 23 Machi
Jivraj amekuja mapema. Bibi ataka ala yake leo, aizoee.

"Fundi Omari, imekauka?"

"Imekauka, bwana."

Si kweli. Juu imekauka, ndani bado. Niliogopa ataipeleka kwa Kalasinga wa Shimanzi, na yule ni fundi kunishinda. Wivu tu. Kamba nimezifungua kwa mkono wangu. Amenialika nikasikilize.

Jumapili, 24 Machi
Nimeswali alasiri, nikaenda. Ukumbi umejaa. Wazee wa Kihindi mbele, kina mama kushoto, mimi mlangoni karibu na viatu. Bibi Kulsum ni mwanamke wa makamo, mnene, ana miwani. Tambura ameishika binti wa dada yake.

Muda mrefu hakuimba maneno. Sauti tu, aipandisha polepole, arudi, apanda tena. Mpiga tabla kanyamaza, mikono mapajani. Nikasahau gundi.

Kisha nikasikia mkwaruzo ndani ya ule mvumo. Mdogo. Jirani yangu hakusikia. Ufa wafunguka. Nikajiambia utashika. Mkwaruzo ukazidi. Kibuyu kikipasuka, nyuzi zitamrukia binti usoni. Nikainuka, nikapita katikati ya watu. Jivraj akanishika kanzu.

"Keti, fundi."

"Nilikudanganya, bwana. Haijakauka. Itapasuka."

Watu wakageuka. Bibi akanyamaza. Jivraj akamweleza kwa Kihindi, sijui alisemaje. Aibu niliyoipata sitaki kuiandika. Bibi akanitazama juu ya miwani. Akaonyesha nafasi nyuma ya binti, akaviinua viganja vyake viwili, akavisogeza pamoja kama abanaye kitu. Nikaelewa. Nikaketi, nikakibana kibuyu kwa mikono yote miwili. Akaanza upya, tangu mwanzo.

Nimekishika mpaka mwisho. Mabega yaliwaka moto. Tabla ilipoingia sikuthubutu hata kupangusa jasho. Wimbo siwezi kuueleza. Mvumo ulinipita viganjani ukafika viwikoni. Kila Bibi alipoishika sauti moja ya chini, kibuyu kilitetemeka chenyewe, kabla binti hajagusa uzi. Sikujua sauti ya mtu yaweza kufanya hivyo. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona, au waliona wakaniachia.

Jumatatu, 25 Machi
Jivraj amekuja asubuhi. Hakuketi. Amesema hatanipa kazi tena. Nikamwambia ni haki yake.

Kisha akaiweka tambura juu ya meza. Amesema hili si lake, ni agizo la Bibi. Bibi aondoka wiki ijayo. "Amesema tusikuulize imekauka lini. Wewe ndiye utakayetuita."

Nimekwangua gundi yote, nimetia mpya. Kitanda cha harusi kitangoja. Mwanakheri ameleta kahawa, akakaa nami mpaka ikaisha.