Jina la Baba kwenye Mabomba ya Wazee

Doha, mwezi wa joto kali

Mdogo wangu Zuhura,

Assalamu alaikum, wewe na wote waliomo humo ndani. Magoti ya Mama yamepoa, au bado anajikaza mbele ya wageni halafu analalama wakishavuka kizingiti? Na wewe umeshatiwa ndani kusingwa, au bado unarandaranda sokoni kama mtu asiye na mchumba? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Joto la huku ni lile lile, ukifungua mlango asubuhi unapigwa na mvuke usoni kama umefunua sufuria. Ila safari hii si joto linalonichemsha.

Nisikuzungushe. Sitafika harusini kwako. Najua umerudi nyuma kuisoma tena sentensi hiyo, na ukimsomea Mama atakwambia uirudie. Irudie tu, kisha kaeni mnisikilize, maana sitaki mtu yeyote hapo Tanga aseme Bakari kanogewa na Uarabuni, kasahau kwamba baba yetu alipofariki alimwachia ndugu wa kuozesha. Sikusahau. Nimezuiliwa, na walionizuia wanakula wakashiba na kulala wakakoroma.

Nilikwambia kwenye simu kwamba kampuni yetu imepata kazi kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu. Wameongeza jengo jipya ubavuni mwa lile la zamani, na sisi tunatia mabomba ya hewa za wagonjwa. Bomba la shaba linatoka nje kwenye mitungi mikubwa, linapita juu ya dari, linateremka ukutani mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Mgonjwa anachomekewa mpira pale, anavuta oksijeni, anaishi. Kazi yenyewe aliichukua mkandarasi mkubwa, akampa mdogo, mdogo akatupa sisi, na kila aliyeipokea aliahidi kuimaliza mapema kuliko aliyemtangulia. Hapo tu ungejua mambo yataishia wapi.

Sasa nikueleze jambo moja la ufundi, usipige miayo. Unakumbuka nilivyokuwa nikiunga mabomba ya friji kwenye kibanda cha Fundi Seif? Tulikuwa tunapasha shaba moto, tunayeyusha dawa ya kuungia, basi. Nilipofika huku injinia wetu alinikalisha chini siku ya kwanza, akakata bomba nililounga kwa mtindo wa nyumbani, akaniambia nitie kidole ndani. Kikatoka cheusi. Shaba ikipata moto mkali inafanya ukoko ndani, kama wali uliosahauliwa jikoni, na ukoko huo unabanduka kidogo kidogo na kusafiri na hewa. Kwenye friji hatukujali, friji halina mapafu. Hapa lazima upitishe naitrojeni ndani ya bomba muda wote unaounga, ifukuze hewa ya kawaida, na bomba linabaki linang'aa kama lilivyotoka kiwandani. Nilifanyiwa mtihani wa jambo hilo nikafaulu. Kwenye jengo lile waliofaulu tulikuwa wawili tu, mimi na Mfilipino mmoja ambaye mkataba wake ulikwisha akarudi kwao.

Na kuna desturi yetu sisi waungaji. Ukimaliza kuunga, unaandika herufi za jina lako pembeni ya kiungo kwa wino usiofutika, ili mtu akikuta kasoro hata baada ya miaka ajue amwulize nani. Yangu ni B.A. Hiyo B ni mimi. Hiyo A ni baba, Athumani. Kila nilipoiandika nilimkumbuka, maana marehemu hakuacha nyumba wala shamba la maana, aliacha jina ambalo mtu yeyote pale mtaani alilikopesha bila kuuliza mara mbili.

Wazee wenyewe wapo jengo la zamani. Alasiri wanajikokota kuja kutazama kazi. Yupo mmoja anaitwa Bu Nasir, alikuwa askari wa vifaru, sasa kifua kimekwisha. Anakwenda kila mahali akikokota mtungi wa oksijeni kwenye kigari kidogo, mpira puani. Ananipenda kwa sababu Kiarabu changu ni kile cha chuo cha Kurani. Anasema naongea kama hutuba ya Ijumaa, nikimwomba maji anasubiri niseme "amma baad" kama imamu juu ya mimbari. Mtungi wake anauita mke wa pili, eti hamwachi hatua moja na analalamika kuliko yule wa kwanza. Na kila siku ananiuliza, lini? Lini mabomba yatakuwa tayari, apate kitanda ambacho hewa inatoka ukutani, alale bila kuogopa mtungi kwisha. Namwambia karibu, inshallah.

Basi naitrojeni ikaisha. Si kwamba ilikosekana Doha, hapana, ilikosekana mtu wa kuiagiza, kwa kuwa kila kampuni ilisema ni zamu ya mwenzake. Foreman wetu, Mkenya anaitwa Njoroge, akaja na amri tuendelee hivyo hivyo. Nikakataa. Hakubishana nami, alinipakia kwenye basi la Lusail nikasaidie mabomba ya maji kwenye jengo lingine. Niliporudi, korido nzima ya ghorofa ya pili, ile ya wagonjwa wa kifua, ilikuwa imeshaungwa. Waliounga ni wale wa viyoyozi. Siwalaumu, waliambiwa wachome, wakachoma.

Tatizo lao likaja kwamba mkaguzi anataka kuona alama ya fundi aliyefaulu mtihani. Njoroge akanijia na kalamu mkononi.

"Bakari, panda hapo juu uweke hiyo B.A. yako. Ni dakika chache tu."

"Sikuunga mimi."

"Manze, nani atajua? Hizi bomba zikishafunikwa na siling hakuna mtu ataziona tena."

"Mimi nitajua. Na waliounga umewakosesha naitrojeni."

"Wewe unakuanga na ngori sana, bro. Ijaza yako iko kwa meza ya mudiri saa hii. Unataka kuenda home kwa harusi ya sistako ama hutaki?"

Zuhura, nikufafanulie. Ijaza ndiyo likizo, na huku hata ukipewa likizo hupandi ndege bila kibali cha kutoka, wanakiita khuruji, na kibali anakitoa huyo huyo mudiri, yaani meneja wetu. Wamekuchukua wewe, bibi harusi wangu, wakakutia ndoanani kama chambo. Niliambiwa nichague kati ya kukuoza na kuwavutisha wazee ukoko. Kuna mtu anayemwekea mwenzake mizani ya namna hiyo kisha akaenda kuswali?

Nikaenda kwa injinia. Nilijua atanisimamia, maana ndiye aliyenifundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama viatu vyake. Akasema tarehe ya kukabidhi imefika na yeye ana watoto wanaosoma. Hakusema nimekosea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa hajui ningemsamehe, lakini anajua kunishinda mimi, na kidole kile cheusi alikitazama kabla yangu.

Nikarudi kambini bila kuandika herufi hata moja. Kesho yake napita ile korido, nainua macho, naona B.A. Nasogea, B.A. tena. Kila kiungo. Mtu kapanda ngazi, kaandika jina langu na la baba kwenye mabomba yote yale, kwa mwandiko wa haraka, na kwingine wino umechuruzika.

Sitakuficha, nilisimama pale nikamwona baba amelala kwenye ile sanda yake, na mtu anamwandika mwilini. Hasira nyingine zina maneno. Ile haikuwa nayo.

Walipokwenda kula mchana nilibaki. Hewa ilikuwa bado haijatiwa kwenye mabomba, kwa hiyo hapakuwa na hatari. Nikachukua kikatio, kile kidude cha gurudumu unachokizungusha kwenye shaba, nikapanda ngazi. Nikaanza mwisho wa korido nikarudi nyuma. Kila penye B.A. nisiyoiandika mimi, nilikata upande huu na upande ule, kiungo kikaanguka chini. Niliacha mabomba ya vyumba vya mbele, kwa sababu hayo niliyaunga mwenyewe. Jasho lilikuwa linaingia machoni, lakini sikukosea hata kimoja.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza nikasikia kigari kinasaga sakafu. Bu Nasir. Akatazama shaba zilizotapakaa, akanitazama mimi juu ya ngazi. Akauliza lile swali lake. Nikashuka, nikatia kidole ndani ya kipande kimoja, nikamwonyesha. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha hutuba, hiki kingeingia kifuani mwako. Alivuta pumzi, mtungi unalia fii, fii. Halafu akasema, "Basi nitasubiri. Mimi na mke wa pili tumeshazoeana." Akageuza kigari chake akaenda zake.

Hakunipongeza, hakuniombea dua, na sikutaka. Ila yule mzee aliyepigania nchi yake ndiye anayeambiwa asubiri, na wenye kumchelewesha hawajamwomba radhi mpaka leo. Wametundika picha za vifaru ukutani mapokezi kumheshimu.

Nikaitwa kwa mudiri. Sikukana. Njoroge alisimama pembeni kunitafsiria Kiingereza nilichokielewa vizuri tu. Mudiri hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akasema, "Umekata, utaunga. Kimoja kimoja, wewe mwenyewe. Hakuna ijaza wala khuruji mpaka korido ipite kipimo. Khalas."

Na unajua kilichofuata? Kesho yake asubuhi lori likaingia na mitungi ya naitrojeni, imepangwa mpaka juu. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe ilitaka kupigiwa simu tu. Nilipoiona nilicheka peke yangu mpaka Njoroge akadhani nimechanganyikiwa. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, bro. Ni mimi niliandika. Mi pia niko na mtu juu yangu." Nikageuka kupakua mitungi. Nitamsamehe, lakini bado, na asiniharakishe.

Kwa hiyo adhabu yangu ni ile ile kazi niliyoililia tangu mwanzo. Nitakuwa juu ya ngazi nikiunga kwa naitrojeni siku utakayokuwa umekaa na hina mikononi. Wamenipa haki yangu kwa kukunyang'anya yako, na hilo sitalinyamazia hata nikirudi na mvi.

Sasa lililo zito. Mimi ndiye walii wako, mwenye haki ya kukuozesha, na sitaki, nasema sitaki, kadhi akuozeshe kama mtu aliyeokotwa asiye na kwao. Kwa barua hii, mimi Bakari bin Athumani, nikiwa na akili zangu timamu, namfanya wakili wangu baba mdogo Hamza, ndugu wa baba yetu, akuozeshe kwa Mwalimu Idi kwa mahari uliyoyataja mwenyewe na ukayaridhia. Nimeyasema maneno haya kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuletea barua, Haji, Mpemba, mlinzi wa geti letu. Yeye ijaza kapata. Anasema, "Wallahi nitavuka mpaka Tanga nimkabidhi Mama'ko mkononi, na pilau lako nitalila mie." Mpeni, na mumpe la chini ya sufuria lenye nyama. Shehe akiwa na shaka, amwulize.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie asilie mbele ya wakwe. Nisalimie baba mdogo Hamza, na umkumbushe avae kanzu iliyopigwa pasi, si ile ya kuvulia. Shangazi Tatu, kungwi wako, mwambie asikufundishe uoga, mengine yote ruhusa. Bi Mwanahawa jirani yetu, mpishi wa harusi, ukimwona anatia chumvi mkumbushe keshaitia. Na shemeji yangu Idi mwambie sina ugomvi naye, ila masafa ya Doha na Tanga si makubwa kama anavyodhani.

Siku hiyo shehe atauliza nani anayekuozesha, na baba mdogo atajibu, kwa uwakala wa Bakari bin Athumani. Mwambie alitamke kwa sauti, mpaka waliokaa barazani walisikie. Ni jina safi. Mahali lilipoandikwa kwa uongo, nimelikata kwa mkono wangu.

Kaka yako, mtoto wa Athumani,
Bakari