Mtoto wa Mto

Winnipeg, 14 Januari 2023

Nanay mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Magoti yanaendeleaje na zile ngazi za kanisa? Mimi mzima, ila baridi ya huku imeninyima hata hamu ya kuongea. Sanduku nililotuma Novemba limefika? Sabuni ni zako, viatu ni vya Jovelyn, na kahawa mgawane bila kugombana.

Naandika kwa mkono kwa sababu ya jambo lile unalolijua. Kwenye simu unaweka sauti juu mpaka Manang Pacita wa nyumba ya pili anaitikia salamu zangu kabla yako.

Nilikwenda kwa wakili. Ni wa bure, yuko kituo cha wahamiaji karibu na kazini kwangu, anaitwa Bi Thorvaldson. Nilimwambia nataka kumleta Jovelyn huku akae nami, nikamwekea cheti cha kuzaliwa mezani. Akakisoma, akasema, "Huyu ni mdogo wako. Sheria haikuruhusu kumwombea mdogo wako. Inakuruhusu kumwombea mwanao." Nikasema ni mwanangu. Akaniuliza kwa nini basi cheti kinasema mama yake ni Consorcia.

Ikabidi nimweleze mambo ya kwetu, kwamba msichana akipata mimba bila ndoa, mama yake hujiandikisha kuwa ndiye aliyezaa, na heshima ya nyumba inabaki palepale. Alivua miwani. "Na mtoto anakuitaje?" Nikamwambia Nanay, mama, ni wewe, na mimi ananiita Manang, dada mkubwa. Akaliandika hilo neno, akalipigia mstari. Nilijiona mjinga mbele ya kalamu yake.

Kuna jingine. Nilipoingia Kanada niliulizwa kama nina watoto, nikajibu sina. Nilijibu kama karatasi zilivyosema. Bi Thorvaldson anasema kosa hilo linaweza kusamehewa, lakini sasa lazima tuseme kweli yote. Yanatakiwa mate yangu na ya Jovelyn yapimwe kuonyesha ni mama na mwana, kiapo chako kwamba hukumzaa, na kesi ya kusahihisha cheti katika mahakama ya huko kwetu Iloilo. Kesi hiyo hutangazwa gazetini, na najua utakavyolipokea hilo.

Maombi lazima yafike kabla Jovelyn hajatimiza miaka ishirini na miwili, Oktoba. Akishatimiza, kwa sheria si mtoto wa mtu tena, na mimi sina namna nyingine ya kumleta. Nakuomba, Nanay.

Binti yako,
Minda


Miagao, 20 Februari 2023

Minda,

Salamu nimepokea. Magoti yako palepale ulipoyaacha, na mdogo wako hajambo. Sanduku limefika. Kahawa ni mbaya.

Huyo wakili wako wa bure, bei yake naiona inamfaa. Jina lenyewe linamchosha mtu ulimi. Kasoma mpaka macho yakahitaji vioo, halafu anashangaa kwamba mama anaweza kumsitiri bintiye. Kwao mabinti wakiharibikiwa wanafanywaje, wanatangazwa redioni?

Nilibeba mto tumboni miezi mitano, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Nilianza nao kwenye maandamano ya maua ya kanisani, Mei, jua linawaka, pamba inawasha. Nilisimama nao kwenye kwaya. Padri aliniwekea mkono tumboni akabariki foronya. Wewe ulikuwa umefichwa kwa shangazi yako, unakula na kulia. Leo unataka nikasimame mahakamani niseme nilikuwa nacheza, na gazeti liandike, kisha watu wafungie karanga jina langu. Umetumwa na nani?

Sasa nisikilize mimi ambaye sikusomea sheria. Si unaruhusiwa kumwombea mama yako? Niombee mimi. Mama akihama, si huhama na mtoto wake ambaye hajaolewa? Cheti kinasema Jovelyn ni wangu. Nitapanda ndege naye, nitamfikisha mlangoni pako, nitaitazama hiyo theluji yenu mnayojivunia, kisha nitarudi kwangu. Hakuna mahakama, hakuna gazeti, wala mate ya mtu kutiwa kwenye chupa. Hilo bingwa wako hakuliona? Au bure yake haifiki huko?

Mpe salamu zangu, kwa heshima zote anazostahili.

Nanay yenu


Winnipeg, 19 Machi 2023

Nanay,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi nipo, nakohoa kidogo.

Nilimpelekea wakili wazo lako. Alicheka, akasema huyo mama ana akili, kisha akasema hawezi kuligusa. Ukweli ameshausikia kutoka kinywani mwangu, na hapeleki uongo kwa mkono wake. Tena wazazi huku huchaguliwa kwa bahati nasibu, mtu anaweza kungoja mpaka achoke. Nilimdharau sana pale kwenye kiti, mwanamke mzima anaogopa karatasi. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba ninayemdharau si yeye.

Kuhusu mto, nimeshashukuru. Nimeshukuru kila Krismasi na kila sanduku. Lakini usinisimulie kana kwamba mimi nilikuwa likizo. Nilizaa chumba cha nyuma, nimeng'ata taulo ili jirani wa shangazi asisikie. Ukaja, ukaondoka na mtoto, na mto umeutia kwenye kapu. Niliporudi nyumbani ulinipa nimshike, mbele ya wageni, ukaniambia, "Mdogo wako huyo, angalia shingo yake." Maziwa yalikuwa bado yanatoka, Nanay. Nilivaa sweta ili wasione, na wewe ukasema msichana huyu ana baridi gani.

Na jambo dogo. Acha kuandika "Nanay yenu." Barua inakuja kwangu peke yangu. Hapa mezani pangu hakuna ninyi.

Binti yako,
Minda


Winnipeg, 11 Juni 2023

Nanay,

Shikamoo. Aprili kimya, Mei kimya. Kwenye simu unanisimulia kuku wa Manang Pacita.

Jovelyn ameshatoa mate yake. Alinitumia picha, kijiti kiko mdomoni, anacheka. Hakuuliza ni ya nini. Nilimwambia ni mambo ya uhamiaji, na nikaona tunavyoendelea kumdanganya hata sasa hivi, kwa mate yake mwenyewe.

Kama hutaki, andika kwamba hutaki. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee wasiotaka kumeza dawa, nimewazoea. Lakini wao angalau wanatema mbele yangu.

Binti yako,
Minda


Miagao, 2 Julai 2023

Minda,

Sitaki. Haya, nimetema.

Afya yangu ni njema, usiulize. Unadhani ninachoogopa ni gazeti. Nani anasoma gazeti hapa? Nitakwambia mara moja, kisha usinirudishie.

Ulikwenda Hong Kong Jovelyn akiwa na miaka mitatu. Ukaenda huko Winnipeg akiwa na saba. Alipougua surua alimshika nani shingo? Meno yalipomng'oka alimletea nani? Alipopevuka alikuja kulia kwapani kwa nani? Ulikuja mara tatu katika maisha yake, umebeba chokoleti kama mheshimiwa anayeomba kura, ukalala kitanda cha wageni, ukaondoka. Sasa mtoto ameshaoga, ameshasoma, anajua kupika na kusalimia watu, ndipo mwenye mali anajitokeza na wakili. Mate, eti. Mimi mate yake nimeyafuta kwa kanga yangu tangu hajaota jino, sikuyapeleka popote kupimwa.

Na nikiapa, mimi niliyekuwa mama yake nitakuwa nani? Mwanamke aliyevaa mto, basi. Karani ataliandika hivyo. Wewe nilikulea kwa fimbo na haraka, nilikuwa kijana na sikujua. Yeye ndiye niliyemlea nikiwa najua ninachofanya. Ukimchukua nabaki na wewe tu, na wewe huniandikii ila pale unapotaka kitu.

Nanay yenu, na nitaandika yenu mpaka nizikwe


Winnipeg, 23 Julai 2023

Nanay,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Uliyosema ni kweli, na ni maneno mabaya, yote kwa pamoja. Chokoleti nilileta kwa sababu sikujua anapenda nini. Kila nilipomuuliza ulijibu wewe.

Hong Kong sikwenda kwa kupenda. Kumbuka nani alinikalisha jikoni akaniambia, "Nenda zako, Minda, ukibaki hapa utaendelea kumtazama mtoto kwa macho hayo, na watu watajua." Nilifukuzwa nyumbani kwa ajili ya macho yangu. Kisha unanihesabia mara nilizokuja. Wewe ni hodari, Nanay, sijaona mfano wako.

Sitamwomba akuite jina jingine. Wala sitamwomba aniite mimi mama, nina haya bado. Ninachotaka ni akae chumba cha pili, nimsikie anafungua friji. Hicho tu.

Oktoba ikifika bila kiapo, nitamweleza mwenyewe kwenye simu kila kitu, pamoja na nani aliyemzuia. Utakuwa umekaa pembeni yake, sauti umeweka juu.

Binti yako wa pekee,
Minda


Miagao, 17 Septemba 2023

Minda,

Nimeapa. Nilikwenda Iloilo na gauni langu la Pasaka. Karani alikuwa mtoto mdogo mwenye chunusi na kalamu isiyotoa wino. Akaniuliza, "Ulimzaa Jovelyn?" Nikasema la. Akaniuliza kama kuna shahidi wa mambo hayo. Nikamwambia yupo mto. Hakucheka. Serikali inaajiri watu wa ajabu.

Gazeti limetoka. Nilifunga madirisha, nikakaa ndani nimevaa viatu, nangoja mtaa unicheke. Jioni akaja Manang Pacita na gazeti mkononi. "Consorcia, wamekosea herufi kwenye jina lako la ukoo." Nikamuuliza, ni hilo tu uliloliona? Akakaa. "Wewe mwanamke, ule mto ulikuwa unahama. Wiki hii uko kulia, wiki ijayo uko kushoto. Kwaya nzima tulikuwa tunaimba tumefumba macho tusije tukakucheka, padri akadhani tumeshukiwa na Roho." Nikamuuliza mbona hawakusema. Akasema, "Ulikuwa unauvaa kwa bidii mno, tukaona vibaya."

Basi miaka yote hii nimewadharau watu hawa kwa ujinga wao, kumbe walikuwa wananionea huruma. Sijui lipi linauma zaidi. Nilimpa kahawa yako, aone na yeye.

Jovelyn nilimkalisha nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Alikuwa anamenya vitunguu na hakuacha kumenya. "Shuleni waliniita mtoto wa mto, Nanay. Tangu darasa la tatu." Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nyie wawili mlikuwa mnajitahidi sana nisijue." Hapo nililia, na ilikuwa vitunguu, kwa hiyo usianze.

Nikamuuliza, sasa yule wa Winnipeg utamwitaje? Akafikiri, akasema, "Manang. Ila nitakuwa najua ninachosema."

Kiapo na nakala ya kesi vimeshatumwa kwa yule Thor wako. Mwambie asivilalie. Bure haina maana ya polepole.

Nanay yenu


Miagao, 9 Februari 2025

Minda,

Barua hii anakuletea mwenyewe, ikiwa imekunjika mlaumu yeye.

Cheti kipya kimo kwenye bahasha. Penye mama pana jina lako, nimelikagua herufi kwa herufi kwa sababu nawajua. Mimi sipo popote kwenye karatasi ile, nimeigeuza hata nyuma. Ndivyo sheria ilivyo, na ni sheria ya kipumbavu, mwambie wakili nimesema. Mwambie pia kwamba amefanya kazi yake, asivimbe kichwa.

Silii. Manang Pacita analia kwa niaba ya mtaa mzima tangu juzi, nimemtoa jikoni.

Sikiliza sasa. Maharage hali, usimlazimishe. Akinyamaza, mpe chakula kwanza ndipo umuulize. Nywele zake hazikauki upesi, asitoke nje kichwa kibichi kwenye hiyo barafu. Ukimuuliza kitu, ngoja ajibu mwenyewe, huchukua muda. Mimi sikuweza kungoja.

Hawezi kulala bila mto wake, ni mmoja, mgumu, umebinuka upande. Nimemfungia kwenye begi kubwa, usiutupe kwa kuona ni mkuukuu. Ni ule ule. Amekuwa akiulalia tangu mdogo, mimi nimekuwa nikibadilisha foronya tu.

Ukipata nafasi niandikie, hata kama hutaki kitu.

Nanay yako