Padi ya Sebuleni

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 9 Julai.

Mpendwa kaka,

Shikamoo kwanza, kabla ujasiri haujaniponyoka. Hujambo? Yale mafua yamekuacha? Wifi naye mzima? Mimi sijambo, ila usicheke mwandiko, naandikia magotini.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Ijumaa unaninunulia kompyuta, niachane na hii mashine ya gemu ya sebuleni, tuhamie gemu mpya inayochezwa kwa kompyuta tu, kwa kibodi na maiki, upate kunisikia sauti. Tafadhali usinunue. Siku nne nimekaa na jibu hili, cherehani imesimama na nguo za wateja zimerundikana.

Umekuwa ukijiuliza dada yako fundi cherehani alijifunzia wapi mpira wa kwenye gemu. Wewe na kompyuta yako huko, mimi na padi ya kuchezea huku, mechi moja kila Jumamosi, na pasi zangu unazisifu. Kaka, mimi hata kuotea sikujui. Unayecheza naye ni Baba.

Ndiyo, Baba yuleyule uliyenikataza kumtaja tangu ulipoiacha karakana yake ya redio mkakosana. Mwezi wa kumi mwaka jana alipata kiharusi. Akaniapisha nisikuambie, hataki umpigie simu kwa huruma. Mkono wa kushoto ulilala kabisa. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kubinya, akautupa chini ya kabati. Nikamletea padi. Aliniuliza kama nawe unacheza, halafu akajifanya anatazama dirishani. Nikamuunganisha nawe kwa jina langu, wewe usijue.

Sasa kidole gumba cha kushoto kinampeleka mchezaji anakotaka. Kibodi hataiweza. Nilimjaribishia ya jirani, vidole vikajikunja, akatoka chumbani. Ukihama, anabaki peke yake na ile skrini. Hajui kama nakuandikia. Akijua, nimekwisha.

Nikasirikie mimi, si yeye. Naogopa jibu lako, nasema kweli.

Lile bao la Jumamosi, ulilolalamika kwamba nimekuonea, alilifunga kwa kidole hichohicho. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema taratibu, "Huyu bado anaacha nyuma wazi, kama alipokuwa mdogo."

Shangazi anakusalimu, pia mpwa wako Kibogoyo, ambaye jino la mbele limeanza kuchomoza. Mungu akufunike huko uliko.

Jumamosi saa kumi alasiri atakuwa amekaa. Kila Jumamosi hunidai shati lililopigwa pasi, kana kwamba unamtazama kwenye skrini, nami sijawahi kumwambia kwamba humwoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Mama Vifungo