Mihimili Mitatu, Meza Moja

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kufikiri maana peke yangu nimeshindwa. Nina miaka kumi na minane, nasoma siasa na serikali, huu ndio mwaka wangu wa mwisho kabla ya chuo kikuu, na mwalimu wetu alitupa kazi ya kuchunguza chombo chochote kinachoongoza watu karibu nasi, kiliingiaje madarakani na nani anaweza kukitoa, wenzangu wakakimbilia halmashauri na vyama, mimi kwa uvivu wangu nikachukua kamati ya wapangaji wa jengo letu, ambayo mwenyekiti wake ni baba.

Nilidhani nitaandika kurasa mbili nimalize, lakini kila swali lilinirudisha nyumbani, kwa sababu uchaguzi wa mwisho ulifanyika miaka tisa iliyopita, katibu ni mama, na anayesikiliza malalamiko dhidi ya kamati ni baba mdogo, yaani mihimili yote mitatu inakula meza moja na kupitishiana chumvi. Nikamhoji na mshonaji wa ghorofa ya chini, ambaye bomba la juu linavujia cherehani yake tangu mwaka jana na barua zake tatu hazijajibiwa, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kwanza wa nyumba ile kuniuliza." Nikayaandika yote. Baba nikamwita "Mwenyekiti" tu, kana kwamba jengo lina wenyeviti kumi.

Sasa insha imekuwa ya kwanza darasani na Jumamosi naisoma mbele ya wazazi wote kwenye ukumbi wa shule, na baba, ambaye hajui ndani mna nini, amewaalika wapangaji wote, kabandika mpaka tangazo kwenye ukuta wa ngazi, na shati ameshalipiga pasi. Shangazi, nampenda baba, maji yakikatika ni yeye anayepanda kwenye tangi. Nikiiondoa insha napoteza alama ninazozihitaji kuingia chuo, nikiisoma namvua nguo hadharani. Niseme ninaumwa?

Binti wa Mwenyekiti

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti. Huumwi. Hapo kwenye chumvi nimecheka, halafu nikakuhurumia, maana kumpenda mtu na kuyaona makosa yake kwa wakati mmoja kunachosha.

Ila nikuseme kidogo. Mshonaji umemhoji, mwenyekiti mwenyewe hukumhoji. Umekaa naye mezani siku zote hizo, unamwitikia "ndiyo baba", huku unamwandika. Mimi ningekuwa mwalimu wako ningekukata alama hapo. Je, anakipenda hicho cheo, au amekichoka na hakuna aliyejitokeza kukichukua? Mimi sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo pengo la insha yako.

Kuiondoa, usiiondoe. Mshonaji hakukueleza shida zake ili uzifungie kabatini kwa sababu ya aibu. Leo hii, baba akishakula na kabla hajatoka, mpe nakala mkononi. Mwambie, "Baba, hii ndiyo kazi yenyewe, na wewe umo. Nataka uisome kabla ya watu." Usimsomee, usimfafanulie, usilie. Mwachie sebule. Akinuna, msalimie kama kawaida. Akikasirika, msikilize mpaka amalize. Palipo na kosa rekebisha, palipo na ukweli usifute hata mstari mmoja. Kisha mwombe akujibu kwa ukurasa mmoja, kwa maneno yake, nawe uusome Jumamosi baada ya insha yako, hata kama amekupinga kila neno. Akikataa, sema mbele ya watu kwamba ulimwomba.

Huenda siku hiyo asije. Jiandae, litauma. Lakini ni afadhali asikie kwako, nyumbani kwake, akiwa na kandambili miguuni, kuliko ukumbini mbele ya watu aliowaalika mwenyewe. Wapangaji wake wamekaa miaka tisa hawajaulizwa kitu. Wewe anza kwa kumuuliza yeye.