B ya Bado

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bwana Mkakati ameshuka chumba cha ukaguzi. Meneja wetu! Miezi minne niko hapa na sijawahi kumwona chini ya ghorofa ya tatu. Jina hilo tumempa sisi – kila sentensi yake lazima iwe na mkakati ndani, hata akiomba maji. Alipiga picha katoni zangu kwa simu. Akauliza nani anaandika zile herufi za chaki. Nikasema mimi. Akasema safi sana, akapanda zake. Herufi zina maana gani, hakuuliza.

Ni kitu kidogo tu. Chupa za kunyonyea watoto zikitoka kwenye mashine, sisi tunapitisha kidole kwenye mdomo wa kila moja, tusikie kama kuna plastiki iliyobaki na ncha. Zamani katoni zilikuwa zinachanganyika, hii tunaikagua mara tatu, ile hatuigusi kabisa. Ndio nikaanza kuandika B – bado. Tukimaliza nafuta, naandika T – tayari. Basi.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Labda ameona. Labda! Mwanangu Kitumbo ameota jino la kwanza, na mama yake amepigiwa picha katoni. Siku njema.

Jumatano, 5 Machi

Bango ukutani. Picha yake, mikono ameikunja kifuani. MFUMO WA HERUFI MBILI, umebuniwa na Ofisi ya Meneja. Mama Mapacha, ninayekaa naye meza moja, alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikacheka hadi mbavu zikauma. Nikamwambia mwache, jasho langu amekula lakini chaki bado ninayo mimi.

Halafu akafika mstari wa chini. B ni Bora, ipakiwe. T ni Tupa, ikasagwe.

Kicheko kikakatika. Mchana watu wa ghala wamekuja na nakala ya bango mkononi, wamebeba katoni zote za B kutoka mezani kwetu. Tumewazuia, wanasema wao wanafuata karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda ghorofa ya tatu. Sekretari akasema niandike barua pepe. Sina. Nikakaa hadi bosi akatoka kwenda kula, nikatembea naye korido nzima. Nilimweleza polepole, kama ninavyomweleza Kitumbo kwamba jiko ni la moto. B ni bado, bosi, hazijaguswa. T ndizo nzima, na mnazisaga.

Tukafika kwenye lifti. Nikajua ameelewa – alishindwa kuniangalia.

"Mdogo wangu, mfumo umeshapitishwa makao makuu. Kama maana haiendani, badilisha maana."

Kuanzia kesho niandike anavyotaka yeye, sawa, hilo ningeweza. Lakini zilizoko ghalani je? Akasema nisiiaibishe idara. Lifti ikajifunga.

Ijumaa, 7 Machi

Wakati wa mapumziko nilikwenda ghalani, nikafungua katoni moja ya B. Chupa ya tano ikanikata kidole. Kidole changu hiki, kigumu kama soli! Nikauona ufizi wa Kitumbo, laini, na lile jino moja kama punje ya mchele.

Sikufikiri sana. Nikachukua chaki, nikaenda kwenye mlango wa kupakilia, na kila palipoandikwa B nikaongeza A, nikaongeza D, nikaongeza O. Katoni sitini na moja. Mkono umekufa ganzi, hapa kwenyewe naandika kwa shida.

Mkubwa wa wapakiaji, jitu la miraba minne, alisimama anazisoma moja moja. Simu ikalia. Bwana Mkakati huko juu anataka kujua kwa nini gari halijaondoka. Lile jitu likamjibu taratibu kabisa:

"Bosi, hapa imeandikwa bado. Kitu ambacho bado nakipakiaje?"

Ningemkumbatia kama mikono yangu ingemzunguka.

Jumatatu, 10 Machi

Wameniita ghorofa ya tatu. Karatasi moja, imechapwa vizuri. Kwamba mimi, mkaguzi wa muda, nilikosea herufi nikaleta mkanganyiko ghalani. Nitie saini, na mkataba wangu utaangaliwa kwa jicho la huruma. Katoni zitaondoka Alhamisi kama zilivyo.

Nikaomba nikaisome nyumbani. Mimi nasoma polepole, nikasema. Shule yangu fupi imenifaa leo!

Nyumbani, mama yangu amesema nisaini tu, nisijitie ushujaa na mtoto yuko mgongoni. Nikamwonyesha kidole. Akakishika muda mrefu, akamtazama Kitumbo anayetafuna kona ya kanga yake. Akakifunga upya kwa kitambaa safi. Hakusema tena saini. Wala hakusema usisaini.

Jumatano, 12 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mikutano, nimeambiwa nisubiri hapa. Wageni wa makao makuu wamekuja kuuona Mfumo. Mlango haushiki vizuri, nasikia yote. Mkakati, mkakati, mkakati. Makofi.

Sasa kuna mama mmoja huko ndani, sauti ya mtu mzima. Anauliza mbona katoni alizoziona chini zimeandikwa BADO.



Bwana Mkakati anasema ni mfanyakazi wa muda, alikosea, ameshakiri kwa maandishi.

Yule mama anasema vizuri, basi tuyaone hayo maandishi.

Viti vinaburuzwa. Sekretari ametoa kichwa, jasho puani. Ananinong'oneza: karatasi unayo? Ninayo. Pale pa saini umejaza?

Nimemwambia nimejaza. Ameshusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Na nimejaza kweli, asubuhi, kabla Kitumbo hajaamka. Herufi nne. Zilezile.

Mlango umefunguliwa wote. Yule mama wa makao makuu mwenyewe amesimama, mkono ameunyoosha, anangoja karatasi –