Chupa ya Rafu ya Chini

Shosti, uko hapo? Nijibu upesi.

Si unajua shemeji siku hizi anatengeneza bia chachu, ile kali kama ndimu, stoo kwake, anaijaza kwenye chupa mwenyewe? Leo nimekuja kwa dada, shemeji akanituma stoo: "Kachukue moja uionje. Ila usishangae, lazima taya zikubane."

Zimenibana, mama yangu! Mpaka machozi. Povu hakuna, nikadhani ndiyo ufundi wenyewe. Nikajikaza nikapiga mafunda matatu, nikamwambia shemeji hii ni kiboko.

NIMEMSIFIA, shosti.

Akaitazama ile chupa, tabasamu likamkauka. "Umeitoa rafu ipi?"

"Ya chini."

"Bia ziko juu. Chini naweka dawa ya kuoshea mapipa."

Kwenye chupa zilezile! Bila hata karatasi ya jina! Mtu mzima na akili zake!

Koo linawaka, sijui ni dawa au ni woga.

Sasa kainusa, kasema, "Aa, ni bia tu hii, tulia shemeji."

Nimetulia.

Ila kama ni bia tu, mbona yuko nje anawasha gari, na dada kapiga magoti ananivalisha viatu?