Miwani ya Hakimu

Jumanne, 2 Septemba
Vichwa vingi leo. Upepo umeleta mchanga mpaka ndani ya mashine za kunyolea. Bado mimi ndiye kinyozi nambari moja wa Durban, na asiyekubali aende akanyolewe Isipingo, atarudi analia.

Dokta Nyambura kaja kusukwa. Mkenya, anafundisha chuo kikuu michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kale, enzi za Mfalme James, miaka mia nne nyuma. Wasichana wangu wanasuka, yeye anahubiri. Leo kasema waandishi wa michezo ile walikuwa kama ndugu na mawakili. Wengine walianza kusomea sheria wakaacha. Walipanga vyumba pamoja na wanafunzi wa sheria, wakala meza moja, na michezo ikachezwa humo humo kwenye bwalo la chakula. Nikamwambia basi mimi ni mmoja wao, maana shule niliacha sekondari ya pili na watu wananisikiliza hadi leo. Alicheka mpaka akajivuta nywele mikononi mwa wasichana.

Anatafuta wa kuigiza hakimu. Mawakili vijana wana karamu mjini, wanataka mchezo baada ya chakula, kama zamani. Kauandika mwenyewe. Nimekubali kabla hajamaliza. Nani mwingine ana sauti hii?

Ijumaa, 5 Septemba
Mazoezi. Wanafunzi wake wamekariri vizuri lakini wamekauka kama mkate wa juzi. Mimi, sharp, sina kasoro. Ila Dokta kanilalamikia, eti hakimu wangu ni wa hewani. "Baba Neema, wale wa zamani walikula na mawakili, wakaiba tabia zao, wakawarudishia jukwaani. Tafuta mtu unayemjua. Mwibe."

Namjua mmoja tu. Yule mzee anayesikiliza rufaa ya karatasi za ukimbizi za mke wangu, Bahati. Wakili wetu anasema yule si hakimu hasa. Kwangu mimi, mtu anayeweza kumrudisha mke wangu Kongo ni hakimu, tena mkubwa. Siku ile alitafuta miwani mifukoni, mezani, chini ya mafaili. Miwani iko kwenye paji la uso wake. Nani athubutu kumwambia? Akauliza maswali bila kusoma, akamchanganya Bahati na mwanamke mwingine wa kijiji kingine, mwisho akaahirisha. Tangu hapo Bahati analala na mkoba chini ya mto. Nguo za binti yetu Neema zimo, tayari kwa safari. Hilo linanivunja. Sijamwambia mtu.

Nimemwiba mzee mzimamzima.

Jumatano, 10 Septemba
Miwani inaua watu kwa kicheko. Nimeongeza kujikuna pua. Naongeza tu, kipaji hakinunuliwi.

Bahati hataki habari za mchezo. Kesi ni Jumatano ijayo, anafunga na kusali. Nimemwambia aje acheke kidogo. "Papa Neema, wewe uko na mdomo, mimi niko na kesi." Lakini atakuja.

Jumamosi, 13 Septemba
Ukumbi ulijaa suti. Niliingia na joho la kwaya na wigi ambalo mteja hakurudi kulichukua. Natafuta miwani, watu wanalia. Namhukumu mwanamke bila kusoma karatasi yake, watu wanapiga meza. Bahati kule nyuma ananipungia mikono yote miwili. Nikasema moyoni, leo mke wangu ananishangilia! Nikazidisha. Miwani niliitafuta mpaka ndani ya soksi.

Kumbe alikuwa ananionyesha meza ya mbele. Mzee mwenyewe. Mgeni wa heshima. Miwani kwenye paji la uso. Hacheki.

Sijui nilimaliza vipi.

Kwenye taxi Bahati alitazama nje mpaka robot, taa za barabarani za mwisho kabla ya mtaa wetu, Albert Park. Halafu akasema, "Umeniuza kwa kicheko." Basi. Sikula.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri. Dokta kapiga simu kuomba radhi. Hakujua kabisa nimemwiba nani. Halafu, Mungu amsamehe, akanifariji kwa historia. Waandishi wengine wa enzi zile waliwacheka Waskoti, watu wa nyumbani kwa mfalme mpya. Wakatupwa gerezani. Ikavuma watakatwa masikio na pua. Mmoja wao, wanasema, alijipeleka mwenyewe akakae ndani na wenzake.

Nikauliza, wakakatwa?

Hapana, waliachiwa.

Si ungeanzia hapo, Dokta?

Lakini yule aliyejipeleka ananikaa kichwani. Kesho nitakwenda kwa mzee. Nitamwambia, chukua sikio langu, mwache mke wangu.

Jumatatu, 15 Septemba
Wakili kakataa. Nikimkaribia mzee kabla ya kesi naharibu kila kitu. "Umeshaongea vya kutosha, bwana," akasema. Kweli. Akatwambia tunaweza kuomba kesi isikilizwe na mtu mwingine, lakini ni kuanza foleni upya. Bahati akasema hapana, atasimama mbele ya huyohuyo. Alisema bila kunitazama.

Naogopa. Mimi niliyevuka mipaka yote kutoka Kongo nikitaniana na askari, leo naogopa chumba chenye meza moja.

Jumatano, 17 Septemba
Mzee kaingia. Mimi natazama viatu vyangu. Bahati akanipiga kiwiko. Nikainua macho.

Miwani inaning'inia kifuani. Kwa kamba. Kamba mpya, nyekundu.

Akaivaa. Akafungua faili akasoma. Ukurasa, halafu ukurasa mwingine. Nje taxi zinapiga hooter. Akataja kijiji, kijiji chenyewe. Jina la baba mkwe akalitamka polepole mpaka akalipata. Bahati alijibu yote na sauti haikutetemeka. Alipofika kwenye yaliyompata kaka yake kule kijijini, alikatiza. Mzee akavua miwani, akangoja. Hakumharakisha. Bahati alipoendelea, akaivaa tena.

Uamuzi baadaye. Tukainuka. Mlangoni akaniita, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Masikio yangu yote mawili yalipata baridi.

"Bwana. Miwani, sawa. Lakini mimi sijikuni pua."

Akaenda zake.

Wakili alimeza kicheko. Bahati hakumeza. Alikaa kwenye ngazi, ananionyesha kidole, machozi yanamtoka. "Pua ni yako, Papa Neema! Ni wewe unajikuna! Tangu siku ya mahari unajikuna!"

Eish. Sikujua. Nimeishi na pua hii miaka yote.

Jumanne, 30 Septemba
Wamekubali. Wakili kapiga simu asubuhi nikiwa na kichwa cha mteja nusu. Nikakiacha nusu, nikakimbia mpaka kwenye meza ya Bahati, anapouzia vitenge. Barabarani nilisalimia hata polisi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na Neema?"

Na Neema.

Akakunja kitenge alichokishika. Akakikunjua, akakikunja tena. Halafu akasema anataka kwenda nyumbani kulala.

Mteja nilimkuta palepale, nusu kichwa, anasoma simu. Mtu mwema. Nimemnyoa bure.

Dokta kauliza kama nitacheza tena mwakani. Nimemwambia nitacheza, ila anitafutie mtu wa kumwiba aliye mbali kidogo na karatasi zetu.

Sasa ni saa tisa mchana. Bahati anakoroma. Mkoba uko nyuma ya mlango, kwenye msumari, mtupu. Nguo za Neema zimerudi kabatini. Nimekaa hapa natazama msumari ule kama mtu asiye na kazi.

Nimejikuna pua. Hakuna aliyeona.